Mtoto wa Kiume Apewe Jina Gani?

Mtoto wa kiume akizaliwa, kazi ya kumpa jina huonekana nyepesi kwa jirani, lakini kwa baba mwenyewe si nyepesi. Wazee wana jina walilokuwa wakilingojea, mama ana deni la kwao, padre ana kitabu chake, na karani wa vizazi ana karatasi yenye nafasi chache za kujaza. Mara nyingi kila mmoja huridhishwa kwa jina lake ili pasiwe na ugomvi, na mtoto hukua akiwa na majina manne yasiyopata kukutana katika karatasi moja.

Kwa Wakikuyu jambo hili halina uchaguzi mwingi. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wanaofuata hupewa majina ya ndugu za baba na ndugu za mama kwa zamu, mkubwa akitangulia. Babu humwita mjukuu huyo rika lake, na mama humwita "baba" mwana aliyetwaa jina la baba yake. Maneno hayo husemwa kwa kicheko, lakini si mzaha, maana ndivyo mzee anavyorudi kukaa nyumbani kwa watoto wake. Basi kijana akimruka mkwewe, akampa mwanawe wa pili jina la mchezaji mpira wa ng'ambo, asishangae akienda ukweni na kukaa mchana kutwa bila kuletewa hata uji. Mwanamke aliyezaa bila kuolewa humpa mwanawe wa kwanza jina la baba yake mwenyewe, na hapo ukoo wa kwao ndio unaoendelea.

Utaratibu huo una tabu yake. Ndugu watano wa baba mmoja wanaweza kuwa kila mmoja na mwana wa kwanza aitwaye Kamau, na hao Kamau watano wakasoma shule moja. Zamani neno dogo "wa" liliondoa tabu hiyo: huyu ni wa fulani, yule ni wa fulani. Kwa Wakalenjin "arap" lilifanya kazi ile ile. Rais wa pili wa Kenya aliitwa kwao Toroitich, maana yake kuwakaribisha ng'ombe nyumbani. Arap Moi ni mwana wa Moi. Daniel ni jina la ubatizo. Jomo Kenyatta naye alizaliwa akaitwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone Kamau mwaka 1914 kwa wamisheni wa Kiskoti, na kitabu chake Facing Mount Kenya kilipotoka mwaka 1938 kilibeba jina la Jomo Kenyatta. Mtu mkubwa aweza kubadili jina mara tatu na dunia ikamfuata. Mwana wa mkulima akifanya hivyo, benki humwambia alete ushahidi.

Wajaluo hawana zamu ya babu kama ile ya Wakikuyu. Saa ya kuzaliwa husema jina: Otieno ni wa usiku, Omondi ni wa alfajiri, Ochieng' ni wa jua kali, Okoth ni wa mvua. Mapacha ni Opiyo na Odongo, na anayewafuata ni Okello. Juu ya hilo huja jina la marehemu aliyemtokea mtu wa nyumba hiyo katika ndoto. Na mtoto anayelia bila kunyamaza hutajiwa majina ya wafu mpaka anyamaze kwa lile alilolitaka. Wanandi na Wakipsigis walikuwa na desturi iliyo karibu na hiyo: wanawake wazee walitaja wahenga mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya, jina lililotajwa wakati huo lilikuwa lake. Kwa Wabukusu majira ndiyo husema: Wafula ni mvua, Wekesa ni mavuno, Wanjala ni njaa. Pwani, Waislamu wengi hungoja siku ya saba, wakachinja akika, na kwa mtoto wa kiume huchinja mbuzi wawili wenye uwezo.

Yapo majina ambayo mgeni huyasikia vibaya. Ojwang' kwa Wajaluo ni mtoto kama aliyetupwa. Kariuki kwa Wakikuyu ni aliyefufuka. Musyoka kwa Wakamba ni aliyerudi. Mara nyingi nyuma ya majina ya namna hiyo yapo makaburi madogo ya ndugu waliotangulia. Mwalimu au karani anayemshauri baba aache jina kama hilo na kutafuta "zuri" hajui analoligusa, na ingefaa anyamaze.

Makanisa nayo yalileta swali lao. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka padre aone kwamba mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, aliongeza mwenyewe jina la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni. Sheria ya mwaka 1983 inataka tu kwamba jina lisiwe kinyume cha moyo wa Kikristo. Kwa upande wa Waprotestanti, Jaramogi Oginga Odinga alieleza katika Not Yet Uhuru, mwaka 1967, jinsi alivyogongana na wenye kanisa alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kijaluo. Kwa hiyo baba wa leo anayesema kwamba kanisa ndilo lililomlazimisha kutafuta jina la Kizungu anatoa udhuru wa wakati uliopita. Akilipenda, alitwae, ila alitwae kwa kulipenda.

Madhara makubwa, hata hivyo, hayatokani na jina lenyewe, bali na maandishi. Tangu siku za kipande, ambacho sheria yake ilitungwa mwaka 1915, majina yaliandikwa jinsi sikio la karani lilivyosikia. Ng'ang'a akawa Nganga, Kipng'etich akapoteza alama yake, na Mohamed mmoja ana namna nne za kuandikwa. Baba afapo, shamba likiwa kwa jina moja na cheti cha mwana kikionyesha baba mwenye jina jingine, huyo mwana atasimama mbele ya korti akiapa kwamba babaye ni babaye.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa. Sheria ya vizazi na vifo nayo inawaruhusu wazazi kubadili au kuongeza jina ndani ya miaka 2 tangu kuandikisha. Baadaye njia ni hati ya kiapo, na tangazo katika Kenya Gazette. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu. Baba anayekwenda huko yafaa awe ameyaandika majina yote katika karatasi kwa mkono wake, kwa zamu anayoitaka, na kitambulisho chake pembeni, kisha asome alichoandika karani herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi, hata kama foleni nyuma yake inanung'unika.