Hiponatremia ya mazoezi

Hiponatremia ya mazoezi ni hali ambapo kiwango cha sodiamu (pia: natiri) katika damu kinashuka chini ya kawaida wakati wa mazoezi marefu au katika saa 24 baada yake. Mara nyingi husababishwa na kunywa maji mengi kuliko mwili unavyoweza kuyatoa. Watu wengi wanaopatwa nayo hawahisi chochote, lakini ikiwa kali huvimbisha ubongo na inaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Hali hii imeonekana kwa wakimbiaji wa marathoni, wanamichezo wa triathloni, wapanda milima, wachezaji wa futiboli ya Marekani na askari walio mafunzoni. Hatari yake inaongezeka kwa sababu dalili zake zinafanana na zile za upungufu wa maji mwilini. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupewa maji zaidi, yaani kitu kilekile kilichomdhuru.

Sodiamu na maji mwilini

Sodiamu ni elementi iliyomo katika chumvi ya kawaida ya mezani. Katika mwili wa binadamu hupatikana hasa nje ya seli, yaani katika damu na katika majimaji yanayozizunguka seli. Kiwango cha kawaida katika damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Kikiwa chini ya 135, hali hiyo huitwa hiponatremia.

Maji hupita katika utando wa seli kwa njia ya osmosisi: huelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Damu ikipungukiwa na sodiamu, maji huingia ndani ya seli, nazo huvimba. Seli za misuli au za ngozi zina nafasi ya kuvimba bila madhara makubwa. Ubongo hauna nafasi hiyo kwa kuwa umezungukwa na mfupa wa fuvu. Ukivimba, shinikizo ndani ya fuvu hupanda, na sehemu zinazoongoza upumuaji zinaweza kugandamizwa.

Hesabu rahisi inaonyesha jinsi hali hii inavyotokea. Mtu mwenye uzito wa kilogramu 50 anaweza kuwa na takriban lita 25 za maji mwilini. Ikiwa kiwango chake cha sodiamu ni milimoli 140 kwa lita, naye akabaki na lita 3 za ziada bila kuzitoa, chumvi ileile sasa imo katika lita 28. Kiwango kitashuka hadi milimoli 125 hivi, na hapo dalili kali zinaweza kuanza.

Sababu

Kwa kawaida si rahisi kwa mtu mzima mwenye afya kudhurika kwa kunywa maji. Figo zake, akiwa amepumzika, zinaweza kutoa karibu lita moja ya mkojo kwa saa. Wakati wa mazoezi uwezo huo hupungua kutokana na homoni ya vasopresini, ambayo huziamuru figo kuhifadhi maji.

Vasopresini hutolewa na tezi iliyo chini ya ubongo. Damu ikiwa na maji mengi, homoni hii hutakiwa kusimama ili maji ya ziada yatoke. Lakini mazoezi makali, maumivu, kichefuchefu na msongo huifanya iendelee kutolewa hata pale mwili una maji ya kutosha. Mkimbiaji anayekunywa sana katika hali hiyo hujaza chombo ambacho mfereji wake wa kutolea maji umezibwa.

Mwaka 2005 Tim Noakes wa Afrika Kusini pamoja na watafiti wenzake walichapisha uchambuzi wa wanamichezo 2,135 waliopimwa uzito na sodiamu kabla na baada ya mashindano. Walieleza kwamba mambo matatu huchangia: kunywa kupita kiasi, vasopresini kutozimwa inavyopaswa, na mwili kushindwa kutumia akiba ya sodiamu iliyohifadhiwa nje ya damu.

Watu wengi hudhani kwamba chanzo kikuu ni chumvi inayotoka kwa jasho. Kwa kweli jasho lina sodiamu kidogo kuliko damu. Mtu anayetoka jasho bila kunywa hupoteza maji mengi kuliko chumvi, hivyo sodiamu katika damu yake hupanda badala ya kushuka. Upotevu wa chumvi unaweza kuchangia katika mashindano ya saa nyingi, hasa kwenye joto, lakini kwa wagonjwa walio wengi jambo kubwa ni maji yaliyozidi.

Kwa sababu hiyo vinywaji vya michezo havizuii hali hii. Vina sodiamu, lakini kiasi chake ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha damu. Mtu akivinywa kupita kiasi, damu yake huzimuliwa kama ilivyo kwa maji ya kawaida, ingawa polepole kidogo.

Historia

Kwa muda mrefu wakimbiaji wa marathoni walikunywa maji kidogo sana, na wengine waliona kunywa njiani ni udhaifu. Mwaka 1969 madaktari Wyndham na Strydom wa Afrika Kusini walichapisha makala iliyoonya juu ya hatari ya kutokunywa maji ya kutosha katika marathoni. Miaka michache kabla yake, mwaka 1965, kinywaji cha Gatorade kilikuwa kimebuniwa katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Polepole ushauri uligeuka: mwanamichezo alitakiwa kunywa kabla ya kuhisi kiu.

Mwaka 1981 mwanamke mmoja alipatwa na hali hii katika mbio za Comrades, zenye urefu wa kilomita 90 hivi kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mwaka 1985 Noakes na wenzake walichapisha taarifa za wanamichezo wanne waliougua namna hiyo na kupendekeza kwamba walikuwa wamekunywa kupita kiasi.

Hata hivyo, ushauri wa kunywa sana uliendelea. Mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo (ACSM) kilipendekeza kwamba mwanamichezo ajaribu kurudisha maji yote anayopoteza kwa jasho, au anywe kiasi kikubwa anachoweza kuvumilia. Kwa mazoezi yanayozidi saa moja kilitaja mililita 600 hadi 1,200 kwa saa. Mkimbiaji mdogo wa mwili anayetumia saa tano kumaliza marathoni, akifuata kiwango cha juu, angekunywa lita 6.

Katika miaka hiyo jeshi la Marekani pia liliona askari wapya wakiugua kwa kunywa maji mengi wakati wa mafunzo kwenye joto. Mwaka 1998 lilibadilisha mwongozo wake na kuweka kikomo cha takriban lita 1.4 kwa saa na lita 11.4 kwa siku.

Mwaka 2007 ACSM ilitoa mwongozo mpya. Uliondoa wito wa kunywa kadiri inavyowezekana na kuonya waziwazi dhidi ya kunywa kupita kiasi.

Utafiti wa Boston

Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 mkimbiaji mwanamke mwenye umri wa miaka 28 alifariki kutokana na hiponatremia. Katika mashindano hayohayo watafiti walikuwa wanachukua sampuli za damu za wakimbiaji waliofika mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la The New England Journal of Medicine.

Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya milimoli 135 kwa lita au chini ya hapo. Watatu kati yao, yaani asilimia 0.6, walikuwa na milimoli 120 au pungufu, kiwango kinachohatarisha maisha. Dalili iliyohusiana zaidi na tatizo hilo ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio. Mtu anayekimbia kilomita 42 hutarajiwa kupungua uzito. Akimaliza akiwa mzito kuliko alipoanza, maji aliyokunywa yamezidi aliyotoa. Kukimbia kwa zaidi ya saa nne pia kulihusiana na tatizo hilo. Aina ya kinywaji, maji au kinywaji cha michezo, haikuleta tofauti.

Walio katika hatari

Wanaopatwa zaidi si mabingwa. Mkimbiaji wa mbele hana muda wa kunywa sana, tena anatoka jasho jingi. Mkimbiaji wa polepole hupita vituo vya maji akiwa na nafasi ya kusimama na kunywa katika kila kimoja, huku akitoka jasho kidogo. Hatari huongezeka kwa:

- anayekunywa kwa ratiba bila kujali kiu
- anayemaliza marathoni kwa zaidi ya saa nne
- mwenye mwili mdogo, ambaye maji yake ya mwilini ni machache
- asiye na uzoefu wa mashindano marefu
- mashindano yenye vituo vingi vya maji

Wanawake wameonekana kupatwa mara nyingi zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa mwili na muda wanaotumia njiani.

Wakimbiaji wa Afrika Mashariki

Wakimbiaji bora wa Kenya na Ethiopia wamechunguzwa kuhusu namna wanavyokunywa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya vyakula vya wakimbiaji 10 wa Kenya ulionyesha kwamba kwa siku walikunywa karibu lita 0.9 ya maji na karibu lita 0.9 ya chai ya maziwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2008 uliwafuata wakimbiaji 14 wa Kenya kwa siku tano za mazoezi makali. Walikunywa walipotaka, bila ratiba, na bado mwili wa kila mmoja ulirudia hali yake ya kawaida siku hadi siku.

Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Dubai mwaka 2009 alipoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake njiani. Mfano huo hauthibitishi kwamba kila mtu anaweza kuvumilia upungufu wa namna hiyo. Unaonyesha tu kwamba kurudisha kila tone la jasho wakati wa mbio si sharti la kufanya vizuri.

Dalili

Dalili za mwanzo ni kichefuchefu, kutapika, maumivu ya kichwa, tumbo kujaa na uchovu usio wa kawaida. Vidole vinaweza kuvimba hadi pete au saa ikabana. Hali ikizidi, mgonjwa huchanganyikiwa, hutenda au husema mambo yasiyoeleweka, hupata degedege na hupoteza fahamu. Maji yanaweza kujaa pia katika mapafu na kumfanya apumue kwa shida. Wakati mwingine dalili hutokea baada ya mbio, pale maji yaliyokuwa bado tumboni yanapoingia katika damu.

Kutambua tatizo

Mkimbiaji aliyeanguka anaweza kuwa na upungufu wa maji, kiharusi cha joto, sukari iliyoshuka, tatizo la moyo au hiponatremia. Kwa macho peke yake ni vigumu kutofautisha. Katika kiharusi cha joto halijoto ya ndani ya mwili hupita sentigredi 40, na mgonjwa anahitaji kupozwa mara moja. Mwenye upungufu wa maji huwa na kiu, mdomo mkavu na uzito uliopungua. Mwenye hiponatremia mara nyingi hana kiu, tumbo lake limejaa, na uzito wake haukupungua au umeongezeka.

Njia ya uhakika ni kupima sodiamu katika damu. Mashindano makubwa huwa na vipimo vidogo vinavyotoa jibu kwa dakika chache katika hema la madaktari.

Tiba

Mtu mwenye dalili nyepesi huzuiwa kunywa maji mpaka aanze kukojoa vizuri. Anaweza kupewa supu yenye chumvi nyingi.

Dalili zikiwa kali, tiba ni maji ya chumvi ya asilimia 3 kwa njia ya mshipa. Wataalamu waliokutana Carlsbad, California, mwaka 2015 walipendekeza mililita 100 kwa mara moja, kisha kurudia hadi mara mbili zaidi kila baada ya dakika 10 ikiwa mgonjwa hajapata nafuu. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka katika seli za ubongo. Dripu ya kawaida ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 inaweza isisaidie, na kwa mgonjwa mwenye vasopresini nyingi inaweza kuzidisha tatizo. Kwa hiyo haishauriwi kumwekea dripu kila mkimbiaji aliyeanguka kabla ya kupima.

Kinga

Kinga kuu ni kunywa kwa kufuata kiu. Ubongo hupima chumvi ya damu wakati wote, na kiu huanza kabla upungufu wa maji haujawa hatari kwa mtu mwenye afya. Mwanamichezo anaweza pia kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi: akiongezeka, amekunywa kupita kiasi. Waandaaji wa mashindano wanaweza kupunguza vituo vya maji na kuweka mizani katika hema la madaktari.

Kanuni hii haimaanishi kwamba maji si muhimu. Kwenye joto kali upungufu mkubwa wa maji hudhoofisha mwili, na mtu mwenye kiu anapaswa kunywa. Tena inahusu watu wenye afya walio mazoezini; mgonjwa wa kuhara au kipindupindu anapoteza maji na chumvi kwa namna nyingine, naye anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kiasi anachoelekezwa na wahudumu wa afya.