KUTOA PICHA KWENYE KOMPYUTA KWENDA DEKI YA KANDA: USIMRUDISHE MTEJA

Leo naongea na wenye steshenari, wapiga video za sherehe na wale wa kuingiza nyimbo kwenye flashi, hasa huku kwetu Marui na vijiji vya Kisarawe na Kibaha, ambako TV za chogo na deki za kanda bado zipo sebuleni kwa watu. Mteja anakuja na harusi ya mwanawe kwenye flashi, anakwambia, "Bibi yake anajua deki tu, niwekee kwenye kanda." Wengi wanamjibu hayo mambo yamepitwa na wakati. Hela inaondoka hivyo.

Kwanza elewa kwa nini waya peke yake hautoshi. HDMI ya kompyuta inatoa picha ya dijitali. Deki inapokea picha ya analojia kupitia tundu moja la njano. Hata VGA, ile yenye pini 15, ingawa nayo ni analojia, inapitisha nyekundu, kijani na bluu kila moja njia yake, tena inachora mistari zaidi ya 31,000 kwa sekunde. TV ya chogo yetu inachora 15,625. Kwa hiyo ule waya wa bei chee, VGA upande huu na pini tatu za rangi upande ule, bila kiboksi katikati, kwa kompyuta nyingi ni mapambo tu.

Unachotaka ni kiboksi kilichoandikwa HDMI2AV. Ukienda Kariakoo soma vizuri kabla ya kulipa, maana kuna pacha wake AV2HDMI, sura ile ile ila kazi yake ni kinyume. Ukishafika Marui na pacha, nauli ya kurudi ni yako.

Kuunga ni hivi. HDMI inatoka kwenye kompyuta inaingia kwenye kiboksi. Kiboksi kinakula umeme wa USB, volti 5, chomeka kwenye kompyuta yenyewe au chaja ya simu. Ule waya wa rangi tatu unatoka kwenye kiboksi kwenda kwenye deki palipoandikwa IN, siyo OUT. Hapa ndipo watu wanahangaika saa nzima. Kisha OUT ya deki inakwenda kwenye TV ili uone kinachorekodiwa. Kwenye deki badilisha chaneli mpaka uone AV au L1. Kama TV haina matundu ya rangi, tumia waya wa antena kutoka kwenye deki, halafu tafuta chaneli kwenye TV mpaka picha ya deki itokee.

Kiboksi kina swichi ndogo ya PAL na NTSC. Tanzania tunatumia PAL, weka hapo. Ukiona picha haina rangi au inapanda na kushuka, angalia swichi hiyo kabla hujamlaumu fundi. Na ukiuziwa deki ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani kuwa makini mara mbili: kule wanatumia NTSC na umeme wa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu wa 230, umeiunguza.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua Duplicate. Ukubwa wa picha weka 1280 kwa 720. Usihangaike na video kali kupita kiasi, kanda ya VHS haina uwezo wa kuionyesha. Maandishi kama majina ya maharusi yasikae pembeni kabisa, TV ya chogo inakata kingo. Zima pia taarifa za meseji na ile hali ya skrini kulala, la sivyo ujumbe wa mtu anayekudai utatokea katikati ya keki na utabaki humo.

Sauti inapita kwenye HDMI hiyo hiyo, ila lazima uchague HDMI kwenye alama ya spika. Deki nyingine zina tundu moja tu la sauti, jeupe. Hapo washa sauti ya mono kwenye kompyuta, vinginevyo unarekodi upande mmoja, na kama mwimbaji kawekwa zaidi upande wa pili ameshapotea.

Sasa kanda yenyewe. Mteja akileta kanda ya zamani akasema "futa tu, rekodi juu yake," icheze kwanza mbele yake, mwanzo, katikati na mwisho. Mara nyingi ndani kuna ubatizo au maulidi ya mtu ambaye hayupo tena, na nakala nyingine haipo. Kilichofutwa hakirudi. Kanda ikikataa kurekodi, angalia kale kadirisha mgongoni: kakivunjwa deki hairekodi, na aliyekavunja alikuwa na sababu. Muulize mwenyewe kabla hujaziba kwa selotepu.

Rekodi kwa mwendo wa SP. Kanda ya E-180 inachukua saa tatu. Anza na jaribio la dakika mbili, rudisha, tazama na sikiliza, ndipo uachie kazi yote.

Bei panga kwa saa, siyo kwa kanda. Harusi ya saa tatu inarekodiwa saa tatu kamili, haikimbizwi, na umeme ukikatika unaanza upya. Jumlisha na gharama ya kanda. Fanya sherehe za wateja wenyewe. Muvi za watu zina wenyewe, na COSOTA wapo.

Ukimaliza, mwonyeshe mteja, andika jina na tarehe kwenye lebo, halafu kavunje kale kadirisha mbele yake ili mjukuu asije akarekodi mpira juu yake.