Kilomita 1,450 na swali la mwanafunzi mmoja

Wahenga walituusia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara maana ya hilo neno 'usambe', nami huwajibu kwamba linatokana na kitenzi 'kuamba', yaani kusema, ambacho kimesalia zaidi katika methali na tungo za washairi kuliko katika mazungumzo yetu ya kila siku. Methali yenyewe inatuambia tusidai kwamba utoaji ni kazi ya matajiri. Kwa miaka mingi nimeifafanua ubaoni bila taabu yoyote. Mwaka jana niliifafanua kwa miguu, nikiwa juu ya baiskeli, kutoka Mombasa hadi mpakani Busia na kurudi hadi Kaunti ya Narok, na sina budi kukiri kwamba mpaka nilipoteremka kwenye lango la shule tuliyoiendea nilikuwa bado sijaielewa.

Tulikuwa wanne: mwalimu wa hisabati, muuguzi, kijana fundi wa baiskeli na mimi, mhadhiri wa isimu niliyezidi kuota kitambi kwa kuketi. Shule yenyewe ni ya sekondari ya kutwa, na wanafunzi wake wengi hutembea masafa marefu asubuhi na jioni. Azma yetu ilikuwa kuwanunulia baiskeli. Tuliwaomba jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzetu waahidi shilingi kadhaa kwa kila kilomita ambayo tungeikamilisha. Mtu aliyeahidi shilingi tano, kwa mfano, angelipa shilingi 7,250 iwapo tungefika mwisho wa safari. Tuliondoka Mombasa likizo ya Agosti, na tulikusudia kufika shuleni katika wiki ya kwanza ya muhula wa tatu.

Katika barua zetu za kuomba michango tuliiita safari hiyo 'kuizunguka nchi'. Mtu anayekula mkate wake kwa kuchunguza maana za maneno hana ruhusa ya kuupitisha uongo huo. Hatukufika Turkana wala Marsabit, Samburu wala Isiolo, Wajir wala Mandera, Garissa wala Tana River. Kaunti hizo peke yake ni zaidi ya nusu ya ardhi ya Kenya. Tuliizunguka, basi, ile Kenya ambayo tumezoea kuifikiria tunapotamka neno 'nchi'. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu lina uhusiano na yale nitakayoyasema baadaye kuhusu watu wasiohesabiwa.

Barabara ya kutoka Mombasa huanza kupanda karibu na Mazeras, na tangu hapo hadi Nairobi mwendesha baiskeli ni mgeni asiyekaribishwa. Treni mpya ya abiria iliyoanza kazi 2017 ilitupita kwa madaha karibu na Mtito Andei, lakini malori hayakuwa yamepungukiwa na haraka. Kila lori lilipotukaribia kutoka nyuma tulilazimika kuteremka kando ya lami, kwenye changarawe na miiba ya migunga. Siku ya tatu peke yake tulipata pancha saba. Fundi wetu alibandika viraka hivyo akiimba, mimi nikimshikia pampu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kila tulipopumzika watu walitujia na maswali. "Mmekosa nauli?" lilikuwa la kwanza. "Nani amewatuma?" lilikuwa la pili. Mwalimu mwenzangu alipowaeleza kwamba tulikuwa tukichangisha fedha, mama mmoja muuza maembe pale Voi alitutazama kwa huruma akauliza, "Sasa, baba, hao wenye pesa wanataka mchoke kwanza ndipo watoe?" Tulicheka, tukanunua maembe, tukaenda zetu. Sikujua kwamba swali hilo lingenisubiri mwisho wa safari.

Hapana shaka kwamba mshangao huo ulitokana pia na hadhi ya chombo chenyewe. Kwetu, msomi hupimwa kwa gari lake, na baiskeli huachiwa muuza maziwa. Tunasahau kwamba Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alipata malezi yake ya awali ya mchezo huo mikononi mwa Mkenya David Kinjah, katika vijia vya Kikuyu. Umoja wa Mataifa nao ulipoamua mwaka 2018 kwamba tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baiskeli Duniani, haukukusudia kuwaliwaza wasio na nauli. Lakini mtu akishadharau chombo, huishia kumdharau pia anayekitumia.

Kutoka Nairobi tulipitia Thika, Karatina na Nyeri, tukapinda hadi Nyahururu, tukateremkia Subukia hadi Nakuru. Ikweta tuliivuka si chini ya mara nne katika safari nzima, na fundi wetu alidai kila mara kwamba ameihisi ikipita chini ya gurudumu. Baada ya Nakuru ulikuja mlima. Kituo cha reli cha Timboroa kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, nasi tulikuwa tumeanzia ufuoni. Mvua ilitunyeshea tangu adhuhuri. Vidole vyangu vilikufa ganzi hata nikashindwa kubana breki, na magoti yalinung'unika kwa sauti niliyoisikia.

Hapo ndipo lilipotupata jaribu ambalo sikupanga kumsimulia mtu. Dereva wa pikapu alisimama akatuonea imani. Alisema angetupakia pamoja na baiskeli zetu hadi juu kabisa, kilomita kumi na mbili tu, bila malipo. Muuguzi alinitazama. Mimi nilikuwa tayari nimeushika mlango. Nani angejua? Fundi, ambaye elimu yake ya shule ilikomea darasa la nane, alisema kwa upole, "Mwalimu, hao watu watalipa kwa kila kilomita." Niliuachilia mlango. Nimewahi kuhudhuria makongamano kadhaa kuhusu maadili ya taaluma, na hakuna mhadhara ulioniingia kama sentensi ile.

Busia tulifika siku ya kumi na mbili. Kwa mtu wa taaluma yangu, kufika Busia kwa baiskeli ni mfano wa kuhiji, kwani ndiko lilikozaliwa neno 'bodaboda'. Waendeshaji wa baiskeli waliwavusha wasafiri na mizigo yao kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, ambalo ndimi zetu zililipa irabu ya mwisho na kulirudufu. Pikipiki zilipoenea katika muongo wa kwanza wa karne hii, zililichukua jina pamoja na wateja. Hata hivyo, tulimkuta mzee mmoja aliyekuwa bado anabeba abiria kwenye karia ya baiskeli yake nyeusi yenye mto uliofumwa kwa nyuzi. Nilimwamkia, naye akaitikia marahaba huku akizitazama helmeti zetu.

"Mmetoka wapi, wanangu?"

"Mombasa, mzee."

"Na nani anawalipa?"

Nilimweleza ile hesabu ya kilomita. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba amekuwa katika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini na hajawahi kupigiwa makofi. Usiku ule nilipiga hesabu. Tuseme mzee huenda kilomita 30 tu kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 9,000 kila mwaka, na kwa miaka 30 ni kilomita 270,000, tena akiwa na mtu mwingine nyuma yake.

Tulirudi kupitia Maseno na Kisumu, tukaupanda mlima wa Kericho katikati ya mashamba ya majani ya chai, tukapita Bomet. Siku ya kumi na nane, saa nane mchana, tuliingia lango la shule tukiwa wachafu, tumebabuka ngozi, na mimi nikiwa siwezi kuketi popote kwa raha. Kamba zilizopigwa mafundo zilikuwa zimefungwa langoni kama utepe. Wanafunzi waliimba. Mwalimu mkuu alisoma jumla ya michango: shilingi 486,000, zilizotosha kununua baiskeli 27 za shilingi 18,000 kila moja. Nilijiona mtu aliyemaliza kazi.

Kisha wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza maswali. Msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama, akaweka mikono nyuma kama tunavyowafunza, akasema: "Mwalimu, mimi hutembea kilomita nane kuja na nane kurudi. Mbona watu hawakutoa pesa hizo mpaka wewe uchoke?"

Nilijibu nini? Nilisema maneno mengi. Msomi hakosi maneno. Lakini wakati nikisema, mwalimu wa hisabati alikuwa tayari anaandika kwenye kiganja chake, na aliponionyesha nilinyamaza. Kilomita 16 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 36 za masomo: kilomita 2,880 kwa mwaka. Mtoto yule alikuwa akienda karibu mara mbili ya safari yetu kila mwaka, kwa miguu, akiwa na vitabu mgongoni na kazi za nyumbani zikimsubiri. Mwisho wa mwaka hakuna anayemfungia utepe langoni. Akichelewa kwa dakika kumi, sisi walimu humwadhibu.

Nimelifikiria swali lake tangu siku hiyo, na jibu ninaloliona si la kutufurahisha. Jasho letu halikununua hata spoku moja. Lililonunua baiskeli ni fedha ambazo wafadhili walikuwa nazo hata kabla hatujaondoka Mombasa. Jasho liliwafanya watazame tu. Walitazama kwa sababu aliyetoka jasho alikuwa mtu wa tabaka lao. Mateso ya mhadhiri ni habari, ilhali mateso ya mtoto wa kijijini ni mazoea. Neno letu 'harambee', lililo katika nembo ya taifa, ni wito wa watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja. Katika mtindo huu tulioazima ugenini, mmoja huvuta na wengine wakamhesabia kilomita. Siukatai, kwa sababu umezaa baiskeli 27. Ninasema tusiuite harambee.

Ipo pia sehemu ya pili ya kisa hiki. Miezi miwili baadaye mwalimu mkuu alinipigia simu, akaniarifu kwamba mzazi mmoja ameiuza baiskeli ya mwanawe ili alipie matibabu ya mkewe. Habari zilienea. Mfadhili mmoja alitaka mzazi huyo atajwe hadharani. Mwingine alitaka arudishiwe fedha zake. Nami, nisijitie utakatifu, nilikasirika. Niliona kana kwamba ameuza magoti yangu. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba hasira ile ilikuwa ya mtu aliyetoa huku akiishikilia ncha ya kamba. Mzazi aliuza chombo akamwokoa mtu. Angefanya nini kingine? Methali nyingine hutuambia tutende wema twende zetu, lakini sisi tulitenda wema tukabaki pale pale tukihesabu.

Hata hivyo, kwenda zetu hakumaanishi kutojali. Shule na wazazi walikaa wakaafikiana kwamba baiskeli zilizosalia ni mali ya shule, na kwamba mwanafunzi huazimwa mpaka amalize kidato cha nne, kisha humwachia mdogo wake wa shule. Fundi wetu alirudi huko kwa gharama yake, bila kamera na bila ahadi ya mtu, akawafunza wanafunzi sita kubandika kiraka, kukaza mnyororo na kunyoosha rimu. Aliwaachia sanduku la spana. Hivi sasa baiskeli iliyoharibika hailazi mtu nyumbani. Nikiulizwa ni nani kati yetu wanne aliyeikamilisha safari ile, nitamtaja yeye.

Wala baiskeli si jibu la yote. Shule iliyo karibu, bweni la bei nafuu na barabara yenye ukingo salama ni haki ambazo hazipaswi kusubiri mhadhiri apate likizo. Lakini kabla ya kudai hayo tunahitaji kujua tunamdai nani na kwa ajili ya nani, na hapa ninawageukia walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wanaosoma safu hii.

Siwaombi mnunue helmeti. Ninaomba jambo dogo. Kesho asubuhi, kabla ya kuita majina, mwalimu aliulize darasa lake: nani ametembea mbali zaidi leo? Wanafunzi wapige hesabu ya kilomita zao kwa mwaka mzima, kama mwalimu yule alivyoipiga kiganjani, na hesabu hiyo iandikwe ubaoni ibaki hapo siku nzima. Huenda atakayeongoza akawa ndiye yule anayeitwa mvivu kwa sababu husinzia saa nane mchana. Naye akichelewa siku inayofuata, mwalimu atakuwa anajua ametoka wapi.