Kompyuta yenye skrini mbili na televisheni ya sebuleni



Tangu vijana waanze kutuletea video za ubatizo na za kwaya kwenye fleshi, wazee wengi wanatuuliza namna ya kutoa picha kwenye kompyuta na kuionyesha kwenye televisheni. Nyumbani kwetu tuna kompyuta ya mezani yenye skrini mbili: kwa moja tunaandika, kwa nyingine tunasoma. Televisheni ikawa ya tatu, na hapo ndipo tulipoaibika.

Jioni ile majirani walijaa sebuleni. Tulichomeka waya, kioo kikawaka, watu wakapiga makofi. Lakini kilichotokea haikuwa video. Ilikuwa barua ya mama mmoja wa parokia kuhusu ndoa yake, tuliyokuwa tumeiacha wazi. Tulikimbia kuchomoa waya, ila aliyesoma alikuwa amekwisha kusoma. Kesho yake tulikwenda kwa mama huyo kumwomba msamaha. Basi, tuanzie pale tulipoanguka.

Kwenye Windows, bonyeza pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi P. Kwa kuwa kompyuta zetu nyingi zinasema Kifaransa, utasoma maneno manne: «Écran du PC uniquement», «Dupliquer», «Étendre» na «Deuxième écran uniquement». Televisheni yetu ilikuwa kwenye «Dupliquer», yaani inarudia kila kitu kilicho kwenye skrini, hata barua. Chagua «Étendre». Hapo televisheni inakuwa kama meza mpya iliyosogezwa pembeni ya zile mbili: ni tupu, mpaka upeleke kitu mwenyewe. Ikiwa bado inarudia, bonyeza kulia kwa panya mahali patupu, ingia «Paramètres d'affichage», chagua namba ya televisheni na uitenganishe na zingine. Usiifanye skrini kuu, maana ujumbe unaoingia huonekana kwenye skrini kuu.

Kisha fungua video, kwa mfano kwa VLC, shika dirisha lake kwa panya na ulivute mpaka livuke ukingo na kuingia kwenye televisheni. Bonyeza mara mbili juu ya picha ili ijaze kioo. Ukichoka kuvuta, shika Windows na Maj pamoja, bonyeza mshale wa kulia au wa kushoto. Dirisha litaruka toka skrini moja hadi nyingine. Wewe unaendelea na kazi yako, watoto wanatazama.

Kuhusu waya, HDMI ndiyo bora kwa sababu inabeba picha na sauti pamoja. VGA, ile ya matobo 15, inabeba picha tu. Sokoni utauziwa waya mtupu wenye VGA upande huu na HDMI upande ule. Usinunue, haugeuzi kitu. Kinachohitajika ni kidude cha kugeuza ambacho chenyewe kinakula umeme. Tena kompyuta nyingine ina matundu matatu lakini uwezo wa skrini mbili tu. Hapo skrini moja itoke.

Televisheni ikiandika kwamba hakuna signali, tafuta kwa telekomande namba ya tundu ulilotumia. Sauti ikibaki kwenye kompyuta, bonyeza alama ya sauti chini kulia, uchague televisheni. Kingo za picha zikikatwa, kosa liko kwenye televisheni: badilisha ukubwa wa picha kwa telekomande.

Umeme wetu mnaujua. Zima vyote viwili kabla ya kuchomeka, hasa mnapotumia jenereta. Vyombo visivyo na waya wa ardhini vinaweza kupigana vinapokutanishwa, na tundu la HDMI likiungua, kulitengeneza ni gharama.

Video ikiisha, kuzima televisheni peke yake hakutoshi. Mara nyingine kompyuta inaendelea kuihesabu, dirisha linafunguka huko na wewe hulioni. Sisi tunazima vyote na kuchomoa waya. Ikiwashwa tena, kompyuta inakuta skrini zake mbili tu, wageni wamekwisha kwenda, na ndipo tunafungua barua.