Kabla ya kununua spea, muulize makanika: umepima nini?

TAA ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi, presha hupanda. Kwa kijana wa Gataka, Kaunti ya Kajiado, anayeendesha teksi ya programu kwa gari la mkopo, siku moja gereji ni siku moja bila mapato, na deni halingoji gari lipone. Kwa hivyo anakimbilia makanika wa kwanza aliye karibu. Makanika anachomeka skana, anasoma msimbo, na kabla soda haijaisha orodha ya spea iko tayari.

Hapo ndipo doo huanza kuyeyuka. Msimbo ule haukuambii ununue nini. Unakuambia tu pa kuanzia kutafuta.

Magari mengi tunayoendesha Kenya yametoka Japan yakiwa yametumika, na kanuni hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba hata Vitz au Probox ya kawaida ina kompyuta, na kompyuta hiyo inasikiliza sensa za hewa, joto na moshi. Ikiona jambo lisilo la kawaida, inawasha taa na kuhifadhi msimbo.

Chukua mfano wa P0301. Unasema silinda ya kwanza haichomi petroli sawasawa. Hausemi ni kwa nini. Huenda ni plagi, huenda ni koili, huenda ni nozeli ya petroli, huenda hata injini yenyewe imepoteza nguvu ya mgandamizo. Makanika wa kubahatisha atakutuma Kirinyaga Road kununua koili nne. Makanika anayepima atatoa koili ya silinda ya kwanza na kuibadilisha nafasi na ile ya silinda ya tatu, afute msimbo, kisha awashe gari na kuliendesha kidogo. Msimbo ukihama na kuwa P0303, koili ndiyo mbovu, tena ni moja tu. Ukibaki P0301, koili haina kosa. Ahamie kwenye plagi. Kipimo hicho hakihitaji spea hata moja.

Mwingine ni P0171, unaomaanisha injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya ekzosi, ilhali mara nyingi sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa, na kumfukuza aliyepiga nduru hakuzimi moto. Anza na mipira ya hewa: je, kuna uliopasuka au kulegea? Kisha tazama filta ya hewa. Msimu wa kiangazi, vumbi la barabara za huku kwetu hupenya filta isiyokaa vizuri na kuchafua sensa ya hewa. Wakati mwingine kuisafisha kwa dawa yake maalumu kunatosha.

Kuna pia mchezo wa kufuta msimbo. Taa inazimika, unalipa, unaondoka ukitabasamu. Siku mbili baadaye taa inarudi, kwa sababu kufuta si kutengeneza. Piga picha ya msimbo kabla haujafutwa, na usome tena baada ya kuendesha.

Sasa, yapo mambo ambayo skana inaweza isiyaone kabisa. Mlio wa ta-ta-ta ukikata kona hadi mwisho mara nyingi huashiria jointi ya ekseli ya mbele imechakaa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini. Hapa makanika mzee mwenye masikio makali bado ana kazi, na kijana mwenye skana akikaa karibu naye atajifunza mengi.

Betri nayo hulaumiwa bure. Mita ndogo ya umeme inatosha: gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwa inanguruma, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na gari linanguruma, kagua alteneta, nyaya na mkanda wake kabla ya kununua betri mpya.

Kuchemka kwa gari ndiko hasara kubwa zaidi. Kwenye nyanda zetu zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha ili yasichemke mapema. Kikilegea, maji hutoroka kidogo kidogo, na kifaa cha bei ndogo kinaishia kukuunguzia gasketi ya injini. Kifuniko pia hupimwa. Na kamwe usikifungue injini ikiwa moto; maji yale hukuchoma uso kabla hujaruka nyuma.

Soma rangi za taa pia. Ya manjano isiyopepesa: endesha polepole, kapime. Ya manjano inayopepesa: punguza kasi, simama mahali salama, kwani petroli isiyoungua inaweza kuharibu kichujio cha moshi. Nyekundu ya oili au ya joto: simama, zima, ita msaada. Usijiambie utafika tu hapo Kitengela.

Kwa kijana anayetaka kuingia kazi hii, skana ni ya kununua, lakini kupima ni ujuzi. Mamlaka ya NITA hutoa mitihani ya ufundi kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na aliyejifunzia jua kali pia anaweza kuifanya.

Nawe mwenye gari, kabla hujatoa hela uliza maswali matatu: Msimbo ulisemaje? Umepima nini kuthibitisha? Je, spea ya zamani nitaiona? Makanika anayejua kazi yake hatakasirika.