Gari la Chama Lililoinuliwa: Namna ya Kupunguza Kuyumba

Barabara nyingi ziendazo kwenye vituo vya kununulia mazao ni za udongo. Masika yanapofika, maji huchimba mifereji katikati ya njia, na gari lenye tumbo la chini hukwama au kugonga mawe. Kwa sababu hiyo baadhi ya vyama vya msingi huamua kuliinua gari la chama kwa sentimita 5 hadi 10, ama kwa kubadilisha springi, ama kwa kuweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Uamuzi huo una faida yake. Hata hivyo, si ajabu dereva akarudi kwa Katibu na malalamiko mapya: gari linalala kwenye kona, na likipita shimoni huyumba kama jahazi. Makala hii inaeleza chanzo cha jambo hilo, tiba yake, na mpaka wa tiba hiyo.

Chanzo cha kuyumba

Mtu aliyejitwika gunia kichwani akikanyaga vibaya huyumba kuliko yule aliyelibeba mgongoni. Uzito ni uleule. Kilichobadilika ni kimo chake. Ndivyo ilivyo kwa gari. Linapokata kona, uzito wake husukumwa upande wa nje, na kadiri uzito huo unavyokaa juu ndivyo unavyozikandamiza zaidi springi za upande mmoja na kuziachia za upande wa pili.

Aidha, kasi huongeza nguvu hiyo kuliko wengi wanavyodhani. Katika kona ileile, gari likienda kilomita 60 kwa saa badala ya 30, nguvu ya kulisukuma nje haiwi mara mbili, bali mara nne.

Kuinama na kuyumba

Hapana budi tutofautishe mambo mawili. Kuinama ni gari kulala upande mmoja muda wote liwapo konani. Kuyumba ni kwenda huku na huku baada ya shimo au baada ya kugeuza usukani kwa ghafla. Kuinama huzuiwa na springi na stabilaiza, yaani ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kuyumba huzuiwa na shokapu, yale mabomba yenye mafuta yanayotuliza mchezo wa springi. Chama kinachonunua shokapu mpya kwa kutaka kuondoa kuinama katika kona ndefu kitakuwa kimetumia fedha za wanachama pasipo kupata kilichokusudiwa.

Hatua za kufuata

Kwanza, kagueni vilivyochakaa kabla ya kununua kipya. Bushi za mpira kwenye springi na stabilaiza zikilika, gari hucheza hata kama vyuma vyote ni vizima. Fundi azisukume kwa mtaimbo aone kama zina nafasi. Bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, kwani springi mpya hujikalia.

Pili, tazameni upepo wa matairi. Tairi laini hulala ubavu, na gari lote hulifuata. Fuateni kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji kwa gari lenye mzigo. Katika magari mengi hubandikwa karibu na mlango wa dereva.

Tatu, pimeni urefu wa shokapu. Gari likiinuliwa na shokapu zikabaki zilezile, huvutwa hadi mwisho wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, na hukatika mapema. Zinatakiwa shokapu ndefu zinazolingana na kimo kipya na nguvu ya springi mpya. Wakati huohuo mipira ya breki iangaliwe isivutike.

Nne, irudisheni stabilaiza mahali pake. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Baada ya gari kuinuliwa, viungo vinavyoishika fimbo hiyo huwa vifupi, na fundi mwenye haraka huifungua na kuiacha karakana. Gari huinama kupita kiasi siku hiyohiyo. Dawa ni kuweka viungo virefu zaidi, ili fimbo ikae kama ilivyokaa awali. Ikiwa haitoshi, inaweza kuwekwa nene zaidi. Ongezeko dogo la unene huleta badiliko kubwa: fimbo ya milimita 28 ina ugumu uliozidi ule wa fimbo ya milimita 25 kwa zaidi ya nusu, ikiwa umbo lao ni moja. Lakini msiikaze ya nyuma peke yake bila ushauri wa fundi, kwa kuwa mkia wa gari unaweza kuteleza nje konani. Kadhalika, fimbo ngumu hupunguza uwezo wa gurudumu moja kushuka mferejini wakati jingine liko juu.

Tano, pangeni mzigo vema. Gunia 10 za kilo 100 ni tani nzima. Vizito vikae chini na karibu na ekseli, vifungwe kwa kamba, na watu wasiketi juu ya mzigo.

Mpaka wa tiba

Stabilaiza hupunguza kuinama, lakini haishushi kimo cha gari. Tuchukue mfano wa gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya matairi ya kushoto na kulia. Tuseme likiwa na mzigo, kitovu cha uzito wake kiko sentimita 90 kutoka ardhini. Kwa hesabu, litapinduka nguvu ya upande ikifikia asilimia 83 ya uzito wake. Likiinuliwa kwa sentimita 10, kiwango hushuka hadi asilimia 75. Sasa, katika kona ambayo umbali kutoka kitovu cha duara lake ni mita 50, gari liendalo kilomita 70 kwa saa husukumwa kwa nguvu ya asilimia 77 hivi. Lile la kwanza lingesimama. La pili lingepinduka. Na hii ni hesabu ya karatasini tu: barabarani springi na matairi hubonyea, hivyo gari hupinduka mapema zaidi. Kwenye changarawe huenda likateleza kwanza, lakini tairi likigonga ukingo wa mfereji, mwisho ni uleule.

Hatari iko hapa: gari lililotengenezwa vizuri halimwonyi tena dereva kwa kulala. Hujiona salama, akaongeza mwendo. Onyo limeondolewa, lakini kimo kimebaki.

Wajibu wa Katibu

Kabla ya kuliinua gari, Katibu aulize kama matairi yanayofaa na dereva makini havitoshi. Ikiwa ni lazima, liinuliwe kwa kiasi kidogo kabisa kinachohitajika, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Fundi atakapolirejesha, Katibu amwombe amwonyeshe kwa macho kwamba stabilaiza imefungwa. Dereva alijaribu gari kwanza likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo, kwa mwendo wa pole. Mwisho, dereva apewe maagizo ya mwendo kwa maandishi, na nakala yake iwekwe katika jalada la gari. Gari ni mali ya wanachama wote, na aliye kwenye usukani ni ndugu yao. Mwenda pole hajikwai.