Bibi wa Mbare na Kazi ya Kusikiliza

Kwetu mtu akifiwa, akiachishwa kazi au ndoa ikimvunjikia, watu wa kumjia hawakosekani. Shangazi atakuja, jirani atakuja, mzee wa kanisa au shehe wa mtaa atapita. Karibu wote wataondoka wakiwa wamemwambia avumilie. Tumejaliwa wasemaji, wasikilizaji ndio haba. Na hata anayesikiliza huwa na upande wake: shangazi ni wa ukoo wa mume, na jirani mnachota naye maji bomba moja. Neno ulilomwambia usiku, asubuhi utalikuta limeshafika sokoni.

Ndiyo maana kisa cha Harare kinanivutia. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda vya maskini wa mijini katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Mtanzania Anna Tibaijuka, wakati huo mkuu wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, alitumwa kwenda kuchunguza, na ripoti yake ikakadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Watu hao walikuwa na majonzi ya kila namna, katika nchi ambayo madaktari bingwa wa akili walikuwa wa kuhesabika.

Mmoja wa madaktari hao, Dixon Chibanda, alitaka kuanzisha huduma katika mtaa wa Mbare. Wauguzi walikuwa wameelemewa na chumba hakikupatikana. Alichopata ni bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii, pamoja na uwanja wa nje wa zahanati. Basi mabenchi ya mbao yakawekwa chini ya miti. Mwanzoni yalihusishwa na afya ya akili, mpaka bibi walipomwambia daktari kwamba hakuna atakayekubali kuonekana na mtaa mzima amekalia kitu chenye jina hilo. Yakaitwa mabenchi ya urafiki, na watu wakaja.

Anayefika huulizwa maswali 14 kuhusu hali yake ya siku za karibuni: analala? Analia ovyo? Anawaza kupita kiasi? Amefikiria kujiua? Mwenye hali mbaya hupelekwa kwa mtaalamu. Wengine huanza mazungumzo. Mgeni humwaga yote, kodi ya nyumba, mume mlevi, dawa za virusi vya ukimwi alizoacha kumeza, kisha huchagua moja la kuanza nalo. Huchagua yeye, si bibi. Bibi humuuliza tu ataanzia wapi, siku gani, na nani wa kumshika mkono. Wakikutana tena wanaangalia kilichowezekana na kilichokwama. Nadhani katika mafunzo yote waliyopewa, gumu kuliko yote ni hili la kumeza ushauri uliokwisha kufika ulimini. Mpe bibi wa kwetu dakika mbili uone.

Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 katika jarida la tiba la JAMA ulifuatilia watu 573 kutoka zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi 6, kati ya waliopitia benchi, wenye dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14. Kwenye kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa karibu nusu. Mabenchi hayo yameshafika Malawi na Zanzibar.

Wapo waliofunga mdomo kwa sababu nzito kuliko umbea wa jirani. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Nani angeungama wazo la namna hiyo huku akijua kuna selo?

Benchi nalo lina mipaka. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyekwisha kupanga namna ya kujiua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.

Kwa aliyebaki, mwenye mzigo wa kawaida wa dunia, mshauri nasaha anaweza kupatikana hospitalini, chuoni, kanisani au katika ofisi binafsi. Muulize mapema amesomea wapi, kikao ni cha muda gani na kwa bei gani, na ni lini ataivunja siri yako. Akikujibu "kamwe," mtilie shaka. Aliye makini atakueleza kwamba akiona unataka kujidhuru au kumdhuru mwingine, itabidi amhusishe mtu. Na akianza siku ya kwanza kwa kukuamuru urudi kwa mumeo, au umwache, mlipe kistaarabu uondoke, kwani ushauri wa aina hiyo hata kwenye daladala unatolewa bure.